Shamba Lipi?
Tafakari ya safari ya siku moja, kutoka Goma hadi kambi ya mtoni chini ya vilima vya Rubaya



Katika nchi ya Kenya, vijana wa mjini Nairobi wanapopata Jumamosi huru hupanda gari asubuhi, hupita Thika, huyatazama mashamba ya mpunga ya Mwea yaliyojaa maji hadi kwenye kingo, na baadaye hufika Sagana, kwenye kambi zilizo kando ya mto Tana. Huko hupanda mashua za mpira, huota moto, kisha hurudi nyumbani wakiwa wamechoka kwa furaha. Kwao neno "kambi ya mtoni" ni neno la mapumziko. Hatuwaonei wivu. Tunamshukuru Mungu kwamba kuna vijana wa rika lenu ambao mto kwao ni mahali pa kucheza.

Kwetu sisi wa Kivu ya Kaskazini neno kambi limebeba mzigo mwingine. Husikia neno hilo mama aliyelala chini ya turubai Bulengo au Lushagala, na moyo wake hushtuka. Lakini sisi nasi tulifanya safari ya siku moja, tukapita katika nchi ya kilimo, tukafika kwenye kambi iliyo kando ya mto. Tunawasimulia safari hiyo kwa sababu tulikwenda na jibu, tukarudi na swali. Na swali lile tunaona halitufai kulifungia ndani.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 5 Julai 2025. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu tarehe 15 Juni, siku ambayo kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui, alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Siku tatu mbele yetu ilikuwa tarehe 8 Julai, siku ya kumbukumbu ya kifo chake. Tulikuwa watu wazima wachache wa chama chetu pamoja na vijana wa parokia, tumejipanga ndani ya gari moja la kukodi, na barabara ya kwenda Rubaya ilikuwa wazi. Tulitaka kuipeleka furaha ile kwa vijana wa machimbo. Na tukiri mapema: tulikuwa pia na hotuba. Tulikuwa tumeiandaa kwa siku nyingi, na kiini chake kilikuwa maneno mawili, "Rudini shambani."

Tuliondoka Goma saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka mjini hadi Sake si mbali, ni kilomita 27 hivi, lakini katika kilomita hizo mtu anaweza kusoma historia yetu ya karibuni kama anayesoma kitabu. Kwanza ni mawe meusi ya volkano. Kisha ni Mugunga na viwanja vya pembeni yake, mahali ambapo maelfu kwa maelfu ya watu waliishi ndani ya mahema hadi mwezi wa Februari 2025, kambi zilipovunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Siku ile tuliona mistari ya mawe iliyokuwa misingi ya mahema, na katikati ya mistari hiyo maharagi yaliyojiotea, pengine kutokana na mbegu zilizodondoka kutoka katika debe la msaada. Hakuna aliyesema neno ndani ya gari. Kijana mmoja aliyelala pale miaka miwili aligeuza uso akatazama upande wa ziwa.

Baada ya Sake barabara inapanda. Ndipo Masisi inapojifunua: vilima vya kijani kibichi, baadhi yake zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nyasi fupi kama zilizokatwa kwa mkasi, mikalitusi imesimama kwa safu, ng'ombe wakubwa wa maziwa wamelala ubavu. Mgeni husema, "Hii ni Ulaya." Ni kutoka vilima hivi ndipo hutoka jibini ya mviringo inayouzwa Goma na hata Kinshasa. Tulipita Mushaki, kisha tukaelekea Matanda, na njiani tulipishana na vijana wanaosukuma chukudu zilizopakiwa viazi, kabichi na makaa, wakishuka mteremko wakiwa wamesimama juu ya mbao kama manahodha.

Masisi haina mifereji mikubwa ya umwagiliaji kama ya Mwea, au kama ile inayolisha mpunga wa bonde la Ruzizi kule Kivu ya Kusini. Kwetu mbingu ndiyo mfereji. Mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na udongo wa volkano huitunza. Inapofika kiangazi, Juni na Julai, vilima hukauka kidogo, na watu hushuka mabondeni. Huko kwenye majimaji hukata mitaro kwa jembe, huinua matuta, huyapitisha maji ya kijito mahali wanapoyataka, na hupanda mboga, viazi na maharagi wakati ambapo mlimani hakuna kinachoota. Ni umwagiliaji usio na mhandisi wala bomba. Mama huamka alfajiri, huziba mtaro mmoja kwa donge la udongo, hufungua mwingine, na maji humtii. Tulisimama mahali pamoja kununua karoti, na mama aliyetuuzia alituosha karoti zake katika mtaro ule ule. Maji yalikuwa angavu, tuliona mchanga chini yake.

Tuliyakumbuka maji hayo baadaye.

Rubaya haikukaribishi polepole. Unazunguka kona, na ghafla kilima kilichokuwa kijani kinakuwa chekundu. Ngozi yake imechunwa. Juu yake watu wadogo kama sisimizi wanapanda na kushuka na mifuko mabegani. Mji wenyewe umejibana chini, mabati juu ya mabati. Kutoka hapa, kama alivyoliambia Baraza la Usalama mwezi wa Septemba 2024 mwakilishi wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, Bintou Keita, hutoka zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima, madini yanayotolewa katika koltani na kutiwa ndani ya simu na kompyuta. Alisema pia kwamba biashara hiyo ilikuwa ikiliingizia kundi lenye silaha linaloutawala mji dola 300,000 hivi kila mwezi. Bendera zimebadilika juu ya kilima hiki mara nyingi, na mchimbaji amelipa kodi chini ya kila bendera.

Kambi tuliyoifikia iko chini ya mji, kando ya mto mdogo. Si kambi ya wakimbizi na si kambi ya mapumziko. Ni vibanda vya miti na turubai, ambamo hulala vijana wanaoosha mchanga wa madini. Kazi yao ni rahisi kueleza na ngumu kufanya. Mifuko hushushwa kutoka machimboni. Udongo humwagwa katika mtaro uliochimbwa ukingoni. Maji ya mto huelekezwa juu yake. Kijana husimama ndani, maji yakimfika magotini, akikoroga kwa sepeto kuanzia asubuhi hadi jioni. Udongo mwepesi huchukuliwa na maji, na ule mzito mweusi hubaki chini. Huo ndio koltani. Unaobaki ni konzi chache. Unaochukuliwa na maji ni kilima.

Tuliona kwamba ni mitaro ile ile. Kijana yule alikuwa akiziba na kufungua maji kwa donge la udongo, kwa mkono ule ule wa mama wa karoti. Alifundishwa wapi? Bila shaka na mama yake, bondeni, akiwa mtoto. Lakini maji yaliyotoka kwake yalikuwa mazito, rangi ya matofali, na yalishuka hivyo kuelekea mabonde ambayo wengine wanalima na kuteka.

Tulikaa nao juu ya mawe. Tulisali, tulishirikiana mkate na maharagi, na vijana wetu waliimba. Tuliwasimulia habari za Floribert: kwamba alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani, kwamba alipewa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni, kwamba alikataa, na kwamba aliuawa mwezi wa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Walisikiliza kwa makini. Walio wengi kati yao walikuwa wadogo kuliko umri huo. Kisha mmoja wetu akasimama, akaanza hotuba. Alisema juu ya utukufu wa jembe. Alisema juu ya hatari ya mashimo. Akahitimisha kama tulivyokubaliana: "Wanangu, rudini shambani."

Kimya kikapita. Kisha kijana mmoja aliyekuwa amesimama bado ndani ya maji, sepeto mkononi, akauliza kwa upole, bila kejeli yoyote:

"Papa, shamba lipi?"

Hatukuwa na jibu. Yule aliyekuwa akihutubu alifungua mdomo, akaufunga. Kijana akaendelea, kwa heshima, kama anayemsaidia mzee aliyepotea njia. Baba yake alikuwa na kipande cha shamba mlimani. Walipokimbia vita wakarudi, kipande kile kilikuwa ndani ya uzio wa ng'ombe. Bondeni hukodishwa kwa msimu, na kodi hulipwa kabla ya kupanda. Ili apate fedha ya kodi, akaja hapa kuosha mchanga. "Nami napenda kulima," alisema. "Hapa natafuta shamba."

Wapendwa vijana, maoni yetu katika ukurasa huu ni haya: hotuba yetu ilikuwa ya uongo. Haikuwa ya uongo kwa sababu kilimo ni kibaya au machimbo ni mema. Ilikuwa ya uongo kwa sababu ilimtaka mtu arudi mahali ambapo hana pa kurudi, kisha ikamhesabia kosa asiporudi. Hotuba za namna hii ni nyingi katika Kanisa letu na katika vyama vyetu. Tunamwambia kijana asipende fedha ya haraka, nasi hatumwulizi fedha ya polepole angeipata wapi. Tunaomba msamaha kwa ile tuliyoitoa sisi.

Tazameni jinsi ardhi ya Masisi ilivyofikia hapa. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliendesha mpango wa kuhamisha watu kutoka Rwanda na kuwaleta katika vilima hivi, makumi ya maelfu, ili wafanye kazi katika mashamba makubwa. Maeneo mapana yalipimwa na kupewa walowezi kwa ajili ya chai, kahawa na pareto. Baada ya uhuru mashamba yale hayakurudi kwa wakulima wadogo. Mwaka 1973, utawala wa Mobutu ulipotaifisha mali za wageni na sheria mpya ya ardhi ilipotangaza kwamba ardhi yote ni ya Serikali, mwenye cheo na mwenye kujua njia za ofisini walipata hati. Mkulima aliyekuwa na neno la babu yake tu alibaki na neno hilo. Mashamba mengi yakageuzwa malisho. Uzuri ule tuliousifu njiani, nyasi zile zilizokatwa kama kwa mkasi, una historia hii chini yake. Na tangu yale yaliyoanza katika soko la Ntoto, huko Walikale, mwezi wa Machi 1993, kisha yakaenea Masisi nzima, kila wimbi la vita limesogeza uzio wa mtu fulani. Hatuyataji haya ili kabila moja lilaumu jingine. Waliodhulumiwa wamo katika kila lugha ya vilima hivi. Tunayataja ili mjue kwamba kijana aliye mtoni hakufika pale kwa uvivu.

Hata hivyo swali la kijana yule halitufungui sisi, wala halimfungui yeye, kutoka katika swali la pili, ambalo ni la maji. Maana mto haubaki kambini. Mito mingi ya Masisi hushuka kuelekea magharibi, huingia katika Oso na Lowa, huvuka misitu ya Walikale, na mwishowe huwa Lualaba. Katika njia hiyo yote kuna mtu anayeteka. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, analeta shtaka la Mungu dhidi ya kondoo wanono wanaokula malisho mazuri, kisha wanakanyaga yaliyobaki. Wanaokunywa maji safi, kisha wanayavuruga kwa miguu yao, na kondoo wengine wanalazimika kunywa machafu. Tulilisoma fungu hilo jioni ile, njiani kurudi, na ilikuwa kana kwamba nabii alipita Mushaki. Malisho yapo. Maji yaliyovurugwa yapo. Lakini angalieni: Ezekieli hakumshtaki kondoo aliyekonda. Kijana anayevuruga maji huko Rubaya ni yule aliyesukumwa kwanza kutoka katika malisho, na wanono wanaofaidika na mchanga wake hawajawahi kulowesha viatu vyao katika mto ule.

Wengine wamekutana na jambo hili kabla yetu. Katika nchi ya Tanzania, mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, na watafiti wengi wameutazama umwagiliaji wa mpunga katika bonde la Usangu, kule juu, kuwa sababu kubwa. Wakulima wale hawakuwa wezi. Kila mmoja alifungua mfereji wake kidogo, alishe watoto wake. Ila hakuna aliyemwona wa chini. Na Mwea, ambayo leo vijana huipita wakienda kucheza mtoni, mifereji yake ya kwanza ilichimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliofungwa na utawala wa kikoloni. Yaliyoanza kwa kulazimishwa yamekuwa, baada ya miaka mingi, mashamba ambayo maji yake hugawiwa kwa zamu. Tunachojifunza ni hiki: maji huhitaji zamu, na zamu huhitaji kumkumbuka mtu usiyemwona.

Hapo ndipo Mwenye Heri Floribert anapoingia, si kama pambo la hotuba. Chakula kile kilichooza hakikuwa kwa ajili ya meza yake. Wangekila watu asiowajua, katika mitaa asiyopita. Yeye alisimama mahali pa juu pa mto, penye mlango ambao bidhaa hushukia, na akakataa kuupitisha uchafu kwa wa chini. Maisha yake yalikatwa kwa sababu hiyo. Kijana yeyote anayetaka kumwiga asianze kwa kutafuta kifo. Aanze kwa kuuliza: ni nani yuko chini yangu, na kinamfikia nini kutoka kwangu?

Tulirudi Goma usiku. Tulisema tungerudi Rubaya wakati wa mavuno ya kwanza, tukiwa na jambo bora kuliko hotuba. Hatukurudi upesi. Kulikuwa na sababu, nazo hazifai kuorodheshwa hapa.

Kisha tarehe 28 Januari 2026, katikati ya mvua, kilima kilishuka. Habari zilizotoka Rubaya zilitaja zaidi ya watu 200 waliokufa: wachimbaji, watoto, na akina mama waliokuwa wamekuja kuuza chakula machimboni. Hata mwezi wa Juni 2025, wiki chache kabla ya safari yetu, maporomoko yalikuwa yameua, na tuliyasikia, na tulikwenda na hotuba. Siku ile ya Januari tulitaka kuuliza habari za kijana wa sepeto. Hatukuwa na jina lake wala namba yake ya simu. Tulikuwa na swali lake tu.

Kwa hiyo tunasema nini, kama chama, kwa vijana wa parokia zetu na kwa wazazi wenu?

Tunasema kwanza kwamba atakayemwambia kijana "rudi shambani" aje na shamba. Parokia zetu nyingi, na jumuiya nyingi za kitawa, zina viwanja vilivyotolewa zamani kwa ajili ya misheni. Baadhi vinalimwa vizuri. Baadhi ni nyasi na mikalitusi. Tunaomba kwa heshima, nasi tutaomba kwa maandishi, kwamba kila parokia ipime ardhi yake isiyolimwa na kuikodisha kwa vikundi vya vijana kwa mkataba wa misimu kadhaa, kodi ikilipwa baada ya mavuno. Mafundisho ya Kanisa yanatuambia kwamba mali ya dunia iliumbwa kwa ajili ya wote. Itakuwa aibu tukiwahubiria wenye ng'ombe juu ya shamba la Nabothi, na uzio wetu wenyewe tumeufunga.

Kuna watakaotujibu kwamba ardhi ya parokia ni ndogo, na machimbo ni makubwa. Kwamba viwanja vichache vya maharagi havitaondoa hata kijana mmoja kati ya mia. Ni kweli. Wengine watasema kwamba siku moja ya bahati mtoni hulipa kuliko msimu mzima wa viazi. Hilo pia ni kweli, kwa siku ya bahati. Hatudai kwamba tutaifunga Rubaya. Hatuna bunduki wala cheo, na madini yale yangeweza kuwa baraka kama yangechimbwa kwa usalama na kulipwa kwa haki. Tunadai jambo dogo zaidi: kwamba kijana anayetaka kulima awe na mahali pa kuanzia bila kupitia kwanza ndani ya shimo. Yule aliyetuuliza alikuwa na nia hiyo. Angetosha kuwa wa kwanza.

Tunasema pili kwamba walio mtoni wasitupwe. Tukiwa na watu wetu kule, tuzungumze nao kuhusu mambo yanayowezekana kesho asubuhi: kuchimba kidimbwi cha kutuliza maji ya matope kabla hayajarudi mtoni, kutoosha mchanga juu ya mahali ambapo watu huteka, kutoingia shimoni baada ya mvua kubwa, kutopeleka mtoto wala kumruhusu anayempeleka. Papa Fransisko, katika waraka wake *Laudato si'* wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya binadamu. Haki hiyo ni ya mama wa karoti, na ni ya mchimbaji pia, ambaye hunywa mto ule ule.

Tunasema tatu kwamba kila shirika lichague kijito kimoja. Msianze na mlima mzima. Ikingeni chemchemi yake, pandeni matete na miti katika mteremko wake, safisheni mitaro yake katika salongo ya Jumamosi, na mjue majina ya watu wanaoteka chini yenu. Wakati wa kiangazi andaeni zamu ya maji kwa wanaolima bondeni, ili mwenye nguvu asizibe mtaro wa mjane usiku. Haya si mambo ya nje ya sala. Kijana anayeamka alfajiri kumfungulia maji jirani ambaye hawasemezani amekwisha kuanza kusali Baba Yetu kwa mikono.

Na tunasema mwisho kwamba tusiwasahau waliokufa. Wengi wa wale 200 na zaidi walizikwa na kilima chenyewe. Simu iliyo mkononi mwako unaposoma ukurasa huu huenda ina chembe ya vumbi la pale. Hatusemi uitupe. Tunasema uishike kama unavyoshika kitu kilicholipiwa na mtu mwingine.

Tunaomba Mungu atujalie kurudi Rubaya, barabara ikiruhusu, na tukirudi tusiwe na hotuba. Tuwe na karatasi iliyosainiwa, yenye vipimo vya kiwanja na muda wa mkataba, ili kijana mwingine akisimama ndani ya maji na kuuliza "Papa, shamba lipi?", tuweze kumwonyesha kwa kidole.

Maswali ya kutafakari pamoja katika kikundi

1. Katika parokia yetu, ardhi ipi hailimwi, na ni nani tunapaswa kumwuliza habari zake kwa heshima?
2. Kijito kilicho karibu nasi kinatoka wapi na kinakwenda kwa nani? Je, kati yetu kuna anayewajua watu wa chini kwa majina?
3. Ni lini tulimpa mtu shauri ambalo hakuwa na uwezo wa kulifuata? Tungelibadili namna gani leo?
4. Mwenye Heri Floribert alikuwa kazini alipojaribiwa. Katika kazi zetu, sokoni, shuleni, barabarani au machimboni, ni uchafu gani tunaombwa tuupitishe kwa wengine?

Tusali: Ee Bwana, uliyeketi kando ya kisima ukaomba maji kwa mgeni, utufundishe kuyatunza maji ya wale tusiowajua. Uwapumzishe waliofunikwa na udongo wa Rubaya. Uwape walio hai mahali pa kupanda. Amina.